Niache udaktari nichore, au niache kuchora?

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni daktari mtarajali kwenye hospitali moja hapa Kanda ya Ziwa. Nachora tangu shule ya msingi. Chuoni wenzangu walikuwa wanapiga fotokopi michoro yangu ya anatomia kila mtihani ukikaribia. Mwezi uliopita nilichora wavuvi wa soko la samaki la Mwaloni kwenye kipande cha hadibodi, mgeni mmoja akakinunua kwa pesa inayozidi kodi ya chumba changu ya miezi mitatu. Tangu siku hiyo akili yangu haijatulia. Halafu wiki iliyopita daktari bingwa wa wodi yetu alinikuta nachora pembeni ya karatasi wakati wa raundi, akaniambia mbele ya wenzangu wote, "Mshika mbili, moja humponyoka." Mama yangu anauza dagaa, nimesoma kwa dagaa wake na mkopo wa bodi. Nikimwambia naacha udaktari atalia yeye. Nikiacha kuchora nitalia mimi. Nichague lipi? Na wewe mwenzetu muda unaupata wapi?
*Mtarajali, Mwanza*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeirudia mara nyingi kuliko barua yoyote iliyowahi kufika kwenye safu hii, kwa sababu mimi mwenyewe nimeishi ndani ya swali hilo tangu nikiwa mwanafunzi. Natibu macho, na ninachora. Sijaacha hata kimoja, na sina mpango wa kuacha.

Jibu la kwanza ni fupi: mwaka huu usichague kitu. Maliza utarajali. Umeshatoa miaka mitano, umebakiza mwaka mmoja tu ili Baraza la Madaktari likusajili kikamilifu. Ukitoka katikati, hiyo miaka mitano itabaki cheti cha kuning'iniza ukutani. Ukimaliza, leseni ni yako, na siku yoyote utakayoamua kupunguza zamu au kuhama au hata kuacha kabisa, utaamua ukiwa umesimama kwa miguu yako miwili. Picha moja iliyouzwa vizuri ni habari njema, nimekufurahia kwa moyo wote, lakini bado si kipato. Kipato ni pale mtu wa pili, wa tano na wa kumi watakaponunua bila kukukuta kwa bahati Mwaloni.

Kuhusu bosi wako: kwenye raundi yuko sahihi. Mgonjwa aliyelala pale anatazama nyuso zenu akitafuta dalili ya hali yake. Akiona daktari ameinamisha kichwa anachora, anajua hayuko naye. Kwenye raundi kalamu iandike dozi. Lakini ile methali aliyokupiga nayo siikubali kama hukumu ya maisha yako yote. Inamfaa mtu anayeshika vitu viwili kwa saa ileile. Wewe unaweza kushika kimoja asubuhi na kingine jioni.

Na kuna jambo ningependa madaktari wetu wakubwa walijue. Uchoraji wa darasani hapa Afrika Mashariki umepita kwenye mikono ya mpasuaji. Huko Uingereza alikuwepo Henry Tonks, aliyezaliwa mwaka 1862, mpasuaji kamili aliyekuwa akihudhuria masomo ya kuchora jioni baada ya kazi. Mwishowe aliacha hospitali akaenda kufundisha shule ya sanaa ya Slade, London. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja akarudi kwa majeruhi. Mwaka 1916, kule Aldershot, daktari Harold Gillies alikuwa akijenga upya nyuso za askari zilizoraruliwa na risasi na mabomu, na Tonks akawa anazichora kwa pasteli, yaani chaki za rangi, kabla ya upasuaji na baada yake. Nimeziona kwenye vitabu. Ukizitazama unajua mchoraji alielewa kila msuli ulipaswa kuwa wapi, na bado alimwona mwenye uso kama mtu.

Miaka ya 1920 pale Slade, Tonks akiwa profesa, alisoma msichana mmoja ambaye baadaye tulimjua kama Margaret Trowell. Akaolewa na daktari, Hugh Trowell, yule wa hospitali ya Mulago ambaye jina lake utalikuta popote historia ya kwashakoo inapoelezwa. Mama huyu akaanza kufundisha kuchora kwenye baraza la nyumba yao Kampala, na baraza hilo ndilo lililozaa shule ya sanaa ya Makerere. Waliopita hapo ni pamoja na Sam Ntiro na Elimo Njau, wote watoto wa Kilimanjaro, wa huku kwetu. Ntiro naye hakuwa mtu wa kazi moja: baada ya uhuru alituwakilisha London kama balozi, na picha zake za shamba na mavuno zikaendelea. Kwa hiyo mdogo wangu, ukiwa umevaa koti jeupe na penseli mfukoni, si kituko. Uko kwenye ukoo.

Wa pili wa kumkumbuka ni Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru. Watu wanakumbuka chui na ndege wake wa rangi kali. Wachache wanakumbuka kwamba aliwahi kuajiriwa Hospitali ya Muhimbili, kazi za chini, akachora muda wa ziada. Hakuwa na kanvasi wala rangi za dukani za wasanii. Alitumia hadibodi na rangi ya kung'arisha ya kupaka baiskeli, na picha zikauzwa karibu na Morogoro Stores, Oysterbay. Alianza mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki mwaka 1972. Ni muda mfupi mno, na bado jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji. Ukilalamika kwamba zamu zinakumaliza, mkumbuke yeye.

Na wa tatu umelala naye kitanda kimoja chuo kizima: Frank Netter, mwenye ile atlasi ya anatomia. Alianza kama mchoraji wa kulipwa huko New York. Familia ikataka daktari, akawa daktari. Ukaja mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, akakuta wanaotaka michoro ni wengi kuliko wanaotaka kupasuliwa. Inasimuliwa kwamba aliomba dola 1,500 kwa michoro mitano, akidhani amepandisha bei kiasi cha kukataliwa. Mteja akaelewa ni 1,500 kwa kila mmoja, akalipa 7,500. Hapo akafunga kliniki. Sikusimulii ili ufunge yako. Nakusimulia uone kwamba aliondoka siku ile kazi ilipokuwa tayari inamlipa, na mguu wake wa kwanza ulikuwa bado umekanyaga hospitali.

Sasa umeniuliza kuhusu mimi.

Fani yangu imenipa bahati ambayo fani nyingine hazina: sisi wa macho tunachora kazini, na tunatakiwa kuchora. Mgonjwa akija na retina iliyobanduka, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, unampanua mboni kwa dawa, unavaa taa ya kichwani, unashika lenzi mkononi, unaangalia nyuma ya jicho kipande kwa kipande na kuhamishia kwenye duara la karatasi. Rangi zina kanuni. Retina iliyo mahali pake ni nyekundu, iliyobanduka ni bluu. Mishipa ya ateri nyekundu, ya vena bluu. Tundu lililochanika linajazwa nyekundu na kuzungushiwa bluu. Ukungu ulio mbele ya retina ni kijani, na koroidi, tabaka lililo nyuma ya retina, ni kahawia. Mpasuaji ataingia chumba cha upasuaji akiutegemea mchoro huo kujua pa kwenda. Siku hizi kuna mashine za picha na ninazipenda, ila mwanafunzi wangu hapigi picha kabla hajachora, maana jicho la anayechora haliruki sehemu. Anayechora lazima aamue kila mstari unaishia wapi, na kwenye kuamua huko ndipo tundu dogo la pembeni linapoonekana.

Kisha kuna rangi. Unajua mtoto wa jicho anafanya nini? Lenzi inageuka njano, kisha kahawia, na bluu inafifia polepole hadi mtu anasahau kwamba ilikuwepo. Claude Monet wa Ufaransa aliambiwa ana mtoto wa jicho mwaka 1912, akaogopa kisu kwa miaka, akapasuliwa jicho la kulia mwaka 1923. Picha za daraja la bustani yake za miaka ile zimejaa nyekundu na kahawia kana kwamba bustani inaungua. Baada ya upasuaji akalalamika kwamba sasa anaona bluu kupita kiasi.

Mimi hiyo bluu naiona ikirudi karibu kila wiki. Bibi mmoja wa vijiji vya juu, baada ya kumtoa kitambaa asubuhi iliyofuata, hakunitazama mimi wala mjukuu wake. Aliinama akaangalia kanga yake mwenyewe, akaishika ukingo kwa vidole viwili, akaiinua hadi karibu na uso. Akasema, "Hii niliambiwa ni ya zambarau nikakataa." Alinipa ruhusa ya kuichora ile kanga. Nikaichora yote, bila uso, mikono tu na ule ukingo. Haiuzwi.

Unaona ninakoelekea. Wengi wakigundua kwamba wanapenda vitu viwili huanza kutafuta hoja ya kuhalalisha kimoja kwa kingine: "nachora kwa sababu kunanifanya daktari bora." Ni kweli kiasi. Kule Yale, Marekani, wanafunzi wa udaktari walipelekwa kwenye jumba la picha wakafundishwa kutazama michoro kwa utulivu, na utafiti uliotoka mwaka 2001 ulionyesha walikuwa bora kuliko wenzao katika kueleza wanachokiona kwenye picha za wagonjwa. Ninaamini matokeo hayo na ninayaona kwa wanafunzi wangu. Lakini usiujenge uchoraji wako juu ya hoja hiyo. Ukishaanza kuomba udaktari ruhusa ya kuchora, siku ambayo wodi imejaa ruhusa haitatoka, na utajikuta umeacha bila kuamua kuacha. Unachora kwa sababu unachora. Vilevile usiuombe uchoraji ukuokoe na udaktari. Kama kinachokuchosha ni zamu mbili mfululizo na bosi anayekufokea mbele za watu, dawa yake ni kulala na kuzungumza naye faragha, na picha haziwezi kubeba mzigo huo.

Muda. Hakuna muda wa kupata, kuna muda wa kuulinda. Mimi Jumamosi mchana ni ya kuchora, na familia yangu inajua kama inavyojua siku ya ibada. Siku za kazi nachora kidogo alfajiri, kabla simu haijaanza. Baada ya zamu ya usiku sichori kabisa, nalala. Hilo nakuomba ulichukue kama sheria: mkono wa mtarajali asiyelala unakosea dozi, na picha ya saa hiyo nayo huwa mbaya.

Mwaka huu chora vidogo. Daftari la ukubwa wa kiganja, penseli, kalamu ya wino, na kiboksi cha rangi za maji. Rangi za maji zinakauka unapokunywa chai, unafunga daftari unaondoka. Rangi za mafuta ziache kwanza. Zinakaa mbichi siku nyingi, na unaziyeyusha kwa tapentaini ambayo mvuke wake unajaa chumba. Wewe, kama ninavyodhani, unalala na kupika chumba hichohicho kimoja. Ukija kupata nafasi yenye madirisha mawili, karibu. Na rangi zozote, hasa zenye kadmia au risasi, usile ukiwa nazo vidoleni. Tena kabla ya kuingia chumba cha upasuaji kagua kucha. Masalia ya rangi chini ya kucha si jambo la kujivunia pale.

Ukifikia kutafuta mahali pa kuchorea, utasoma vitabu vya Ulaya vinavyosema dirisha la kaskazini, kwa kuwa kwao jua haliingii upande huo. Kwetu usifuate. Huku kusini kidogo mwa ikweta, Moshi au Mwanza, jua la mchana mwezi wa sita liko kaskazini na mwezi wa kumi na mbili liko kusini. Dirisha lolote kati ya hayo litakumwagia jua nusu mwaka. Banda langu la mabati nyuma ya nyumba lina madirisha pande zote mbili na shuka jeupe la kuvuta upande wenye jua. Linafanya kazi vizuri kuliko ushauri wa vitabu.

Wagonjwa sasa, na hapa nitakuwa mkali. Usipige picha ya mgonjwa kwa simu ili ukachore nyumbani. Usichore uso wa mgonjwa bila ridhaa aliyoitoa akiwa na nguvu ya kukataa, na mtu aliyelala kitandani akisubiri wewe umwandikie dawa hana nguvu hiyo. Subiri apone, umuulize akiwa amevaa nguo zake, tayari kwenda nyumbani. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria kulikuwa na kiapo. Mikono, ndoo, foleni ya dirisha la dawa, ndala zilizopangwa nje ya wodi ya wazazi, hivyo vyote viko wazi kwako na vimejaa maisha.

Na mama. Usiende kwake na neno "naacha". Nenda na picha. Mchoree meza yake ya dagaa, umpe, kisha umwambie ile ya wavuvi iliuzwa kwa shilingi ngapi. Mfanyabiashara anaelewa bei. Sehemu ya pesa hiyo weka kwenye akaunti yake peke yake iwe mtaji wa vifaa, ili mshahara wa udaktari usiwahi kuusimanga uchoraji wako nyumbani.

SWALI: Dokta, mimi ni muuguzi na nachora. Shirika moja limeniomba michoro kumi ya mabango ya kunyonyesha, wanasema watanipa "kutambulika". Nikubali? *Muuguzi, Tanga*

JIBU: Wamelipa mchapaji, wamelipa dereva, wamelipa ukumbi wa semina. Wakulipe na wewe. Andika bei kwa kila mchoro, idadi ya marekebisho, na mabango yatatumika wapi na kwa muda gani. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, kumpa mtu mchoro si kumpa haki ya kuuchapisha milele, labda uwe umesaini hivyo, kwa hiyo soma unachosaini. Kama shirika ni la kijijini kwenu na kweli halina kitu, toa kama sadaka, lakini kwa maandishi vilevile.

Na nakuomba uwachore akina mama wanaofanana na wanaokuja kliniki yako. Mwishoni mwa mwaka 2021 mchoro wa Chidiebere Ibe, kijana wa Nigeria aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari, ulienea duniani kote: mjamzito mweusi, na mtoto aliye tumboni mweusi pia. Watu wazima, madaktari, walisema hawajawahi kuona mchoro wa namna hiyo maishani. Mimi nilikuwa mmoja wao. Chuchu iliyochanika kwenye ngozi nyeusi haionekani kama ya kwenye kitabu, na wewe unaijua rangi yake kuliko shirika lolote.

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha nne, anachora kila kitu. Baba yake anataka asome PCB (fizikia, kemia na biolojia) awe daktari. Mtoto ananyamaza tu. Nifanyeje? *Mama, Dodoma*

JIBU: Dada yangu, muulize peke yake, baba akiwa hayupo, jikoni au njiani, na umuulize kuhusu udaktari wenyewe: je, angependa kukaa na watu wagonjwa? Usimuulize kuhusu kuchora, hilo jibu tayari unalo. Akisema ndiyo, PCB ndiyo njia ya kawaida ya kuingia udaktari, ingawa wapo wanaopitia stashahada ya utabibu, na kuchora kutamsaidia kwenye biolojia tangu wiki ya kwanza. Akisema hapana, nitumieni barua nyingine, tena aandike baba, nitamjibu mwenyewe.

Kwa vyovyote mnunulie penseli. HB ya shuleni ni ngumu, haitoi kivuli. Tafuta 2B na 4B kwenye maduka makubwa ya vifaa vya ofisi, na kichongeo cha chuma, maana cha plastiki kinavunja ncha za penseli laini.